Kifo na Majina Yake, kutoka Redioni hadi Soitsambu

Wiki hii nimechagua neno ambalo hakuna nyumba isiyolijua, ingawa watu wazima hulitamka kwa sauti ya chini. Neno lenyewe ni kifo. Msiizime redio. Sina nia ya kuhubiri, kwani hiyo ni kazi ya masheikh na wachungaji nao wanaiweza. Nataka tulitazame neno hili kama tunavyolitazama neno jingine lolote lenye historia: limetoka wapi, limejificha nyuma ya maneno gani, na kujificha huko kumetufaa au kumetudhuru.

Tuanze na redio yenyewe. Wenye umri wa kutosha wanayakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, redio iliyochukua jina hilo mwaka 1965. Enzi hizo simu ya mkononi haikuwapo na barua ilichukua wiki. Muda wa matangazo hayo ulipofika, hata watoto walinyamazishwa. Maneno yalikuwa yale yale kila siku: bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, kilichotokea siku fulani, mazishi yatafanyika mahali fulani, habari ziwafikie fulani wa Tanga, fulani wa Mwanza, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Hapo redio ilisema "kifo" waziwazi, maana msafiri wa basi la alfajiri hakuwa na nafasi ya mafumbo. Lakini jirani aliyetumwa kukugongea mlango usiku hakuthubutu kusema "baba yako amekufa". Alisema "jikaze, mzee hatunaye", au "mzee ametutoka". Habari ilikuwa moja, na kila mmoja alikuwa na lugha yake ya kuifikisha.

Kufa ni neno letu la kale sana. Ndugu zake wametapakaa katika lugha za Kibantu zote: Mganda anasema kufa, Mzulu huko Afrika Kusini anasema kufa, na hata Mkikuyu anayesema gũkua ana neno lililotoka tumbo lile lile. Maneno mengine mengi tunayoyatumia msibani yalishuka bandarini pamoja na Kiarabu. Mauti na maiti ni ya huko. Kufariki asili yake ni kutengana; anayesema "amefariki dunia" anasema kwamba mtu na dunia wameachana, kama wasafiri wawili kwenye njia panda. Marehemu ni mwenye kurehemiwa, kwa hiyo kila unaposema "marehemu fulani" umekwisha kumwombea dua, ujue usijue. Tanzia ilikuwa ni kule kuwapa pole wafiwa kabla ya kuwa habari yenyewe ya kifo. La ajabu kuliko yote ni hayati. Kwa Kiarabu maana yake ni uhai, nasi tumelifanya cheo cha viongozi wetu waliokufa.

Kuna jingine ambalo vijana wa leo hawatalitambua kwa asili yake, nalo ni ajali. Ukimwambia kijana wa Dar es Salaam "ajali", ataona basi limepinduka. Lakini kwa Waswahili wa zamani ajali ilikuwa siku yako, ile muda uliopangiwa na Mwenyezi Mungu tangu hujazaliwa. Mtu mwenye miaka 90 aliyelala usingizi na asiamke alikuwa amefikwa na ajali yake. Kisha yakaja magari na barabara za lami, na neno likahamia barabarani. Sijui kama ni bahati mbaya tu au ni lugha inatusema, maana hadi leo, basi likiua watu kwa sababu breki hazikutazamwa, wapo wanaosema ilikuwa siku yao imefika.

Nipitie kidogo kwenye neno moja la kwetu, nalo ni kufiwa. Kwetu kifo hakimpati anayekwenda tu. Kinampata na anayebaki. Fulani amekufa, na mkewe amefiwa: kitenzi ni kile kile, kimenyambuliwa tu, na tayari msiba una watu wawili ndani yake. Hata mwajiri mkali hulielewa neno hilo. Ukimwambia "nimefiwa" hatakuuliza swali la pili kabla hajakupa ruhusa.

Mwingereza naye hana upungufu wa mafumbo. Anasema mtu amepita, jambo ambalo si mbali na kwetu. Akitaka mzaha, anasema fulani amepiga teke ndoo. Usemi huo umo katika kamusi ya maneno ya mitaani ya London iliyotolewa na Francis Grose mwaka 1785, na tangu hapo wataalamu wanabishana ndoo yenyewe ni ipi. Wapo wanaosema si ndoo ya maji hata kidogo, bali ni jina la kienyeji la boriti ambalo nguruwe aliyechinjwa alitundikwa kwa miguu, akawa anarusha mateke yake ya mwisho. Anasema pia kwamba mtu yuko futi sita chini. Hapo historia inasogea karibu, kwa kuwa mwaka 1665, tauni ilipoifagia London, wakuu wa jiji waliamuru makaburi yachimbwe yasipungue futi sita.

Na liko neno ambalo hata sisi tumelichukua: dedilaini. Kila mwandishi wa gazeti analitetemekea. Mwaka 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ilikuwapo kambi ya wafungwa huko Andersonville, jimbo la Georgia. Ndani ya ngome yake palijengwa uzio mwepesi wa mbao, na mfungwa aliyeuvuka, au hata kuugusa, alipigwa risasi bila kuulizwa. Huo ndio uliokuwa mstari wa kifo. Katika kambi hiyo walikufa wafungwa wapatao 13,000, wengi kwa njaa na maradhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 waandishi wa magazeti wa huko Marekani walikwisha kulichukua neno hilo kwa saa ya mwisho ya kupeleka makala, na leo mhariri akikutumia ujumbe kwamba dedilaini ni saa kumi jioni, hakuna anayewakumbuka wafungwa wa Georgia. Neno limebaki na waliokufa wamesahauliwa. Naomba mlishike hilo, kwa sababu sasa nataka twende mahali ambapo watu walifanya mambo yao kwa mpango mwingine kabisa.

Mahali penyewe ni Soitsambu. Ukitoka Karatu, ukapanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ukateremkia mbuga za Serengeti na kisha ukaelekea kaskazini, utafika tarafa ya Loliondo, si mbali na mpaka wa Kenya. Soitsambu ni kata ya huko, nchi ya Wamasai, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha. Jina limetokana na Kimasai: osoit ni jiwe, na sambu ni rangi ya mchanganyiko, ile wanayomtajia ng'ombe mwenye madoa. Watu wa mijini tunaipita nchi hii kwa habari za watalii na migogoro ya ardhi, na ni nadra kuuliza wenyeji wake walikuwa wakisema nini juu ya kifo.

Kwa Kimasai kifo ni enkeeya. Neno hilo hilo hutumika kwa ugonjwa, wala si vigumu kuelewa kwa nini watu wa zama za kabla ya dawa za hospitali waliona viwili hivyo ni kitu kimoja. Lakini mila yao iliyowashangaza wageni wengi ilihusu jina. Mwingereza mmoja, A. C. Hollis, aliyekuwa mtumishi wa serikali upande wa Kenya, alichapisha mwaka 1905 kitabu juu ya lugha na ngano za Wamasai, na humo aliiandika mila hiyo kwa makini. Alipokufa mtoto, kijana wa moran au mwanamke, mwili ulipelekwa porini ukaachwa huko, na jina ndilo lililozikwa. Ukoo haukulitaja tena. Na kama lilikuwapo neno la kawaida lililofanana na jina hilo, bomani kwao neno hilo nalo liliwekwa kando, likatafutwa jingine. Mfano anaoutoa ni wa mtu aitwaye Olonana, maana yake mpole, au laini. Akifa mtu wa kawaida mwenye jina hilo, ukoo wake hautalitumia tena neno la upole lenye mzizi ule. Watalitafutia neno lingine lenye maana iliyo jirani, kwa kuwa lile la kwanza limekuwa jina la maiti.

Najua baadhi yenu mmekwama pale niliposema mwili uliachwa porini. Sisi wa pwani na wa mijini tumezoea sanda, jeneza na kaburi la saruji, na tunaharakisha kumwita mwenzetu mshenzi. Tufikiri kidogo. Hawa walikuwa watu wa kuhama na mifugo, ambao kuipasua ardhi kwa jembe kwao lilikuwa jambo la kuchukiza. Kwa nini wamchimbie mtu shimo na kumfungia humo, katika nchi ambayo mwakani hawatakuwapo? Na hata hivyo hawakuwa na desturi moja tu. Laibon na mzee tajiri walizikwa, mawe yakarundikwa juu, na kila mpita njia akaongeza jiwe lake. Mzee aliyeacha watoto, jina lake halikuzikwa, kwa sababu wajukuu walilibeba. Leo Wamasai wengi huzika kama wengine, kwa dini na kwa kuishi mahali pamoja, na mila ile imebaki zaidi katika kumbukumbu za wazee.

Olonana mwenyewe, yaani laibon mkuu wa jina hilo, aliyekufa mwaka 1911, jina lake lilipata bahati tofauti. Liko juu ya mlima Kenya, kwenye kilele kinachoitwa Lenana, na baba yake Mbatiany yuko juu yake zaidi, kwenye kilele cha Batian. Kwetu Tanzania mfano mkubwa ni Edward Moringe Sokoine, mwana wa Monduli, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, akiwa Waziri Mkuu. Rais Nyerere ndiye aliyelitangazia taifa habari hiyo kwa redio. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kilipewa jina la Sokoine. Angalieni jinsi maneno niliyoyataja mwanzoni yanavyokutana kwa mtu huyu mmoja: ajali kwa maana zake zote mbili, hayati mbele ya jina, na Mmasai ambaye jina lake lilitajwa zaidi baada ya kufa kuliko alipokuwa hai.

Sasa nafika kwenye kiini cha mazungumzo ya leo. Watu hawa waliozika majina ya wafu wao waliacha jina moja la kifo bila kulizika, tena wakalifundisha kwa watoto wao kizazi baada ya kizazi. Jina hilo ni Emutai.

Emutai maana yake ni kumalizika kabisa, kufutika bila kubaki kitu. Ndivyo Wamasai wanavyoiita miaka ile ya mwisho ya karne ya 19. Kwanza, kwenye miaka ya 1880, ulikuja ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe. Kisha ikaja sotoka. Ugonjwa huu haukuwa wa Afrika Mashariki. Uliingia barani kwa upande wa Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya majeshi ya Waitaliano, ukashuka kusini kama moto wa nyika. Mwaka 1891 ulikuwa umekwisha kufika Umasaini, na mwaka 1896 ulikuwa umeuvuka mto Zambezi. Kundi lililopigwa na sotoka lilipoteza ng'ombe tisa katika kila kumi, na hata zaidi. Nyuma yake ikaja ndui, ambayo iliwakuta watu wamekwisha kudhoofika kwa njaa.

Tunaye shahidi wa macho. Mwezi Machi 1892 Mwaustria aitwaye Oscar Baumann aliteremka kwenye kreta ya Ngorongoro, akiwa Mzungu wa kwanza kuacha maandishi juu ya mahali hapo. Watalii wa leo wanashuka mle kumtafuta kifaru. Baumann aliwakuta binadamu. Anaeleza wanawake waliobaki mifupa na ngozi, wenye macho ya watu waliorukwa na akili kwa njaa. Watoto waliofanana zaidi na vyura kuliko watu. Na moran, wale vijana ambao habari zao zilikuwa zikiwatisha misafara yote ya pwani, wakitambaa kwa mikono na miguu. Walikula ngozi na mifupa, walikula hata pembe za ng'ombe. Wapo waliotaka kumpa watoto wao kwa kipande cha nyama. Yeye mwenyewe alikadiria kwamba Wamasai wawili katika kila watatu walikuwa wamekufa. Tukikubali kwamba hesabu ya msafiri ni hesabu ya msafiri, hata nusu yake inatosha.

Tutazame basi lugha ilivyofanya kazi wakati wa msiba huo. Maelfu ya majina ya watu yalizikwa, kwa kuwa waliokufa wengi walikuwa watoto, wanawake na vijana. Ukimtafuta mmoja mmoja humpati. Lakini ugonjwa wenyewe uliitwa kwa jina lake. Sotoka kwa Kimasai ni olodua, na olodua ni nyongo, maana aliyempasua ng'ombe aliyekufa alikuta kifuko cha nyongo kimevimba. Hilo ni jina la mtu aliyetazama, si la mtu aliyefumba macho. Na balaa lote kwa jumla likapewa jina lake, Emutai, ili asitokee mtu wa kusema kwamba nchi ile ilikuwa hivyo hivyo tangu mwanzo.

Kwa sababu alitokea mtu wa kusema hivyo. Ng'ombe walipokwisha na watu walipokwisha au kutawanyika kwa majirani wao wakulima, majani na vichaka vilirudi. Wazungu waliofika miaka michache baadaye walikuta mbuga pana, tupu na tulivu, wakadhani wanaiona dunia kama ilivyoumbwa. Hawakujua kwamba walikuwa wanatazama matanga. Kutokana na macho hayo yalitoka mawazo ya hifadhi zisizo na watu. Mwaka 1959 Wamasai waliokuwa ndani ya Serengeti walihamishiwa upande wa Ngorongoro na Loliondo, na mwaka huo huo Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa kitabu na filamu ambavyo jina lake ni kama kusema Serengeti haitakufa. Filamu ile ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Siwezi kumdharau Grzimek. Alimpoteza mwanawe Michael, aliyekufa kwa ajali ya ndege tarehe 10 Januari 1959 akiwa katika kazi hiyo, na wote wawili wamezikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro. Ninachosema ni kwamba neno kufa lilitumika kwa ajili ya mbuga, likazunguka dunia nzima, wakati neno Emutai, ambalo lilieleza nani alikufa pale na kwa nini, halikuvuka hata Mto wa Mbu.

Na historia ina kejeli zake. Kilichokuwa kikiwaua nyumbu wa Serengeti miaka yote hiyo kilikuwa ile ile sotoka. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walipochanjwa, kuanzia miaka ya 1950 na kuendelea, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu pia katika miaka ya 1960. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa wakawa wapatao 260,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita 1,300,000. Msafara wa nyumbu ambao leo unaijaza Serengeti ndege za wageni ulitokana kwa sehemu kubwa na sindano aliyochomwa ng'ombe wa Mmasai. Hilo, wasikilizaji wangu, sijalisikia likisemwa na waongoza watalii wengi.

Turudi mijini kwetu, tujitazame. Sisi tunafanya kinyume cha wale wa Soitsambu. Jina la marehemu tunalitangaza redioni, tunalichapa gazetini na picha yake ya harusi, tunaliandika kwenye fulana. Tunachozika ni jina la kilichomuua.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wa huko waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa kwa magendo kutoka Uganda, kama kwamba gonjwa lilikuja limefungwa kwenye mzigo wa mlanguzi. Lilipofika Dar es Salaam na Arusha likawa na majina mengi kuliko mfalme. Fulani amekanyaga miwaya. Fulani ana umeme. Fulani ana ngoma. Vijana wakaichukua ile herufi nne ya jina la Kiingereza wakaigeuza kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi", na watu wakacheka baa hadi machozi. Wengi wa waliocheka hawapo leo. Na magazetini? Fungueni magazeti ya miaka ya 1990, msome kurasa za tanzia: "baada ya kuugua kwa muda mrefu", "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Muda tulitajiwa, ugonjwa hatukutajiwa. Kila mtu msibani alijua, na hakuna aliyesema, na mjane alirithiwa na shemeji kama kawaida. Rais Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa mwaka 1999, yaani miaka 16 baada ya wale wa Kagera.

Siwalaumu waandishi wa tanzia hizo. Walikuwa wanailinda heshima ya wafiwa, na lugha yetu imeumbwa kwa heshima hiyo. Kumwambia mtoto "baba yako ametangulia" ni huruma. Lakini huruma hiyo ni ya aliyefiwa usiku ule. Ikipewa ugonjwa, ugonjwa unafaidika. Mzee wa Kimasai aliyekataa kulitaja jina la binti yake aliyekufa kwa ndui hakukataa kusema kwamba ni ndui, na boma lililosikia neno hilo lilihama.

Mwaka 2011 watu wa mijini walikwenda wenyewe Loliondo kwa maelfu. Mnakumbuka kikombe cha Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, pale Samunge, katika wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, kikombe kimoja shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na kuna waliokufa ndani ya gari kabla ya kufika. Sitaki kuamua juu ya imani ya mtu. Nilichokisikia mimi kama mtu wa maneno ni jinsi abiria walivyotaja safari yao. Walikwenda kwa ajili ya "magonjwa sugu". Neno hilo ni gunia: kisukari kimo, saratani imo, na lile gonjwa ambalo hata miaka 28 baada ya Kagera lilikuwa bado halitamkiki nalo limo. Wapo waliorudi nyumbani wakaacha dawa zao za kupunguza makali.

Halafu ikaja korona. Hesabu za taifa zilikoma kutolewa baada ya tarehe 29 Aprili 2020, na misibani mwanzoni mwa mwaka 2021 tulijifunza usemi mpya: marehemu alipata "changamoto ya kupumua". Usemi safi kabisa, hauna kosa la sarufi. Babu zetu wa pwani wangesema amekata roho. Aliyekufa maji naye alipata changamoto ya kupumua.

Nilitaka kumaliza hapo, lakini liko jambo moja la kumbukumbu ambalo nisingependa muda uishe kabla sijalisema. Tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa. Mwezi Juni 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba sotoka nayo imetokomezwa. Katika historia yote ya binadamu ni magonjwa mawili tu yaliyofutwa kabisa duniani, na yote mawili ni yale ya Emutai. Kijana wa Soitsambu anayechunga leo hajawahi kumwona ng'ombe mwenye olodua. Kwake neno hilo limerudi kuwa nyongo tu, kama lilivyokuwa kabla ya mwaka 1891.